Ngitili ya Mti Usiokuwepo

Watoto wengine hurithi ng'ombe kwa baba zao. Mimi nilirithi tunda, tena moja tu, na lenyewe halikuwahi kuota popote duniani. Cheka ukitaka. Hata mimi nimelicheka miaka mingi, hasa nikiwa mbele ya watu. Lakini nikiwa peke yangu kwenye cherehani yangu hapa Somanda, mjini Bariadi, mteja amechelewa kuja kujaribu gauni lake na bodaboda zinapita na wagonjwa kuelekea hospitali, nilikuwa nikilirudia tunda lile kama mtu anayepapasa mfuko kuhakikisha funguo zipo. Lilikuwa langu. Baba alisema ni langu, na hapakuwa na kingine alichowahi kusema ni changu.

Kwetu ni Lingeka, wilaya ya Meatu, ambako mtu hupimwa kwa pamba aliyovuna na ng'ombe wanaolala zizini mwake. Ukimtoa baba, tulikuwa mama, kaka yangu na mimi. Utaratibu wa kula hakuna aliyeutangaza lakini kila mmoja aliujua. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba. Paja ni la kaka, maana ndiye atakayebaki na mji. Mama na mimi tulipata shingo na miguu, na tulitakiwa kushukuru, kwa sababu msichana ni wa kwenda. Viatu vya kwanza kuingia nyumba ile vilikuwa vya kaka. Mimi nilikuwa wa pili katika nyumba yenye watoto wawili, na wa pili kati ya wawili ni wa mwisho, hata umpambe kwa maneno gani.

Baba hakuwa msemaji. Kazi pekee iliyomfungua mdomo ilikuwa kuchambua pamba. Aliyewahi kuifanya anajua inavyochosha akili. Unakaa chini umenyoosha miguu, unajaza pamba mapajani, nyeupe unaitupa huku, ile iliyochafuka au kuliwa na wadudu, tunayoiita fifi, unaitupa kule, kutwa nzima, mpaka ukifumba macho bado unaona weupe. Ilikuwa ni msimu ambao malisho yaliisha mapema na wanaume wengi wa kwetu walianza kuswaga mifugo kwenda Katavi. Siku moja, bila kumtazama yeyote, baba akasema kwamba huko kusini kuna mti.

"Mti gani?" kaka akauliza.

"Wa matunda."

Mwanzoni ulikuwa mti wa kawaida. Kadiri rundo la pamba lilivyopungua ndivyo ulivyoota tabia. Kiangazi haupukutishi majani. Unazaa Januari na Februari, wakati wa palizi, ghala limebaki vumbi na michembe, vile viazi vya kukausha, imekwisha kwenye vihenge. Miti mingine, alisema, huzaa watu wakiwa wameshiba, lakini huu una huruma. Tunda lake lina ukubwa wa kichwa cha ndama na ganda jepesi kama la karanga. Ndani lina pande mbili. Upande mmoja ni mtamu kama asali, wa pili una ukali wa maziwa ya mgando, na mtu mwenye adabu huanza na ule mkali. Kokwa yake haitupwi. Ukiiweka mdomoni huoni kiu mpaka ufike kisimani, hata kisima kiwe kule mbali Bukundi. Mbuzi hawezi kuula. Anakuja, anaunusa, anaona aibu, anaondoka.

Na kivuli chake hakihami. Jua liwe linachomoza, liwe utosini, liwe linazama, kivuli kinabaki palepale kilipo.

"Kama mwanamume aliyetulia kwa mkewe," baba akamalizia, na mama akacheka. Mama hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Namkumbuka alivyojifuta jicho kwa kiganja, na nyuzi za pamba zikabaki zimenasa kwenye nyusi.

Nikauliza mti wenyewe unaitwaje.

"Hauitwi. Ukiutaja jina unakauka."

Kaka, aliyekuwa akiogopa radi kuliko nyoka, akasema mti kama huo bila shaka radi haiupigi. Baba akafikiri, akakubali kwamba radi haiupigi. Nikaona kumbe mlango uko wazi. Nikasema haraka, kabla hawajaufunga, kwamba tunda la kwanza halichumwi. Linaanguka lenyewe. Linaanguka kwenye mapaja ya binti mdogo, na halimuumizi.

Kaka akanicheka. Akasema tangu lini kitu cha kwanza kikawa cha msichana, tunda la kwanza ni la mtoto wa kiume, kila mtu anajua. Nilimtazama baba. Nilikuwa tayari kuambiwa ninyamaze, maana ndilo jibu nililozoea.

"Yaya," baba akamwambia kaka, yaani hapana. "Ndivyo ulivyo mti huo, nilisahau kuwaambia. Tunda la kwanza ni la huyu."

Akaninyooshea kidole. Siku zote za kuchambua zilizobaki nilikaa nimetandaza kitenge mapajani vizuri kuliko kazi ilivyotaka.

Pamba ilipokwisha kuuzwa naye akaondoka na ng'ombe wote, isipokuwa mmoja mzee ambaye asingefika hata njia panda. Hakutuaga kwa maneno mengi. Alisimama katikati ya uwanja, mahali ambapo asubuhi mama alikuwa anafagia, akachora duara kwa fimbo yake ya kuchungia.

"Hapa msijenge, msilime. Nitarudi na mche wake."

Kisha akapiga mluzi, ng'ombe wakatangulia. Nilikimbia nyuma yao mpaka vumbi likanishinda.

Sisi kwetu tuna desturi ya ngitili. Mvua zikianza unatenga kipande cha malisho, unakifunga, na hata ng'ombe wako mwenyewe haingii, ili majani yakue na kiangazi kikishika mifugo iwe na pa kuponea. Ngitili inaheshimiwa. Ukiingiza mbuzi kwenye ngitili ya mtu, wazee watakuita na utalipa faini ukiwa umeinamisha kichwa. Mama alichofanya ni kulifanya duara lile kuwa ngitili. Alikwenda porini akakata matawi ya mgunga yenye miiba mirefu, akayaburuta mpaka uwanjani, akauzungushia mche ambao haujaja. Alisema mbuzi wa jirani hawana simile. Mbuzi wenyewe kwa maelezo ya baba wangeona aibu, lakini mama alisema wa huku si wa Katavi.

Hakuna mtu wa mahali pengine angefanya hivyo. Mtu wa mahali pengine angengoja mche ufike ndipo atafute miiba. Sisi tunafunga kwanza, neema ndiyo inafuata. Kwa majani ni kweli, yanakuja. Kosa la mama lilikuwa kudhani baba naye ni majani.

Wapita njia waliuliza, wakimwita mayu, yaani mama.

"Mayu, humo unafuga nini?"

"Mti."

"Mbona siuoni?"

"Bado."

Mwanzoni waliuliza kwa upole, baadaye kwa kejeli, na mwisho wakaacha, jambo lililoniuma kuliko kejeli. Kila mwaka baada ya mavuno miiba ya zamani ilikuwa imekauka na kuliwa na mchwa, na kila mwaka mama alikwenda kukata mingine. Alirudi viganja vimechomwachomwa. Kazi ya kumtoa miiba ilikuwa yangu, kwa sindano ya kushonea magunia. Naweza kusema ufundi wangu wa sindano ulianzia kwenye mikono ya mama yangu, nikitafuta kitu kilichovunjikia ndani.

Akaja mwanamume mmoja wa kijiji jirani aliyekuwa amerudi kutoka Katavi kuzika. Alitupa habari kama anayetua mzigo: baba yuko mzima, ana mji, ana mke, mashamba ya mpunga, na watoto wameshaanza kuzaliwa. Mama alimpa maji ya kunywa kwa mikono miwili. Akauliza swali moja tu.

"Na mti je?"

"Mti gani, mayu?"

Mama akapokea kikombe, akakisuuza. Msimu uliofuata akakata miiba kama kawaida.

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza, na sijawahi kuiaga. Nilimwambia ang'oe ile takataka, watu wanatucheka. Nilimwambia hakuna mti, hakujawahi kuwa na mti, mti ulikuwa wa kutusahaulisha uchovu wa pamba. Aliniacha nimalize.

"Miiba ni yangu," akasema. "Wewe shika lako."

Langu lilikuwa lipi? Langu lilikuwa lile tunda. Ndiyo aibu yenyewe. Nilijua mti haupo, na bado nilijua tunda la kwanza ni langu, na mambo hayo mawili yaliishi ndani yangu bila kugombana. Nilipoolewa, baba mdogo ndiye aliyesimama mahali pa baba. Nilipoachika, nilipeleka sanduku langu Bariadi badala ya Lingeka, nikapanga chumba Somanda, nikaweka cherehani barazani. Katika hayo yote nilijiambia: kulikuwa na siku moja mwanamume yule alinichagua mimi mbele ya kaka. Ukiwa na siku moja kama hiyo unaweza kutembea nayo mbali sana.

Kaka alibaki na mji, kama mapaja ya kuku yalivyokuwa yametabiri. Si mtu mbaya. Alipopata uwezo wa kujenga nyumba ya matofali na bati alitaka kuiweka katikati ya uwanja, mahali panapofaa. Mama akakataa. Nyumba imekaa upande, imegeuzia barabara kisogo, na kila anayefika mara ya kwanza hugonga dirisha la jikoni akidhani ni mlango. Yote kwa sababu ya duara la vumbi.

Mwaka jana, mwezi wa Oktoba, mvua zikiwa zinasuasua, kaka alinipigia simu.

"Dada, mzee anarudi."

Nilikuwa na kitambaa chini ya mguu wa mashine. Nilishona mpaka mwisho wa mshono kabla ya kumjibu.

"Anarudi wapi?"

Akanieleza. Binti mmoja amepiga simu kutoka Katavi, anasema yeye ni mtoto wa baba. Mama yake amefariki, ng'ombe wameisha, na mzee amepooza upande mmoja, hata ulimi hausemi. Anamleta nyumbani.

"Mkataa kwao mtumwa," kaka akasema. "Mzee amekumbuka kwao. Huu mji ni wake, dada."

"Mji gani? Yule aliacha duara."

"Damu ni nzito kuliko maji."

"Na mkono mtupu haulambwi," nikamwambia, "kama ni methali unazotaka." Lakini nilifunga cherehani, nikapanda gari hadi njia panda na bodaboda kuingia ndani. Nilikuwa na jambo moja tu kichwani: mama asimpokee. Nilitaka amwambie aliyoyaweka moyoni miaka yote, na kama hataweza, nilikuwa nimejiandaa kumsemea.

Nilimkuta amekaa barazani anakata viazi vya michembe. Amezeeka mama, shingo imekuwa nyembamba, lakini kisu chake bado kinapita bila kutazamwa. Ngitili ilikuwa imezungushiwa miiba mipya, bado ina majani mabichi.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia.

"Mwangaluka, ng'wanone," akaitikia, yaani mwanangu.

"Utampokea?"

"Nimemwekea nafasi yake miaka yote hii," akajibu. "Nitaachaje kumpokea sasa?"

Niliumia. Nilidhani uzee umemlainisha, kwamba mwanamke yule aliyechomwa miiba maisha yake yote yuko tayari kutandika kitanda. Nilikaa naye tukakata viazi.

Walifika karibu na saa sita mchana, kwa gari dogo la kukodi kutoka stendi. Kaka na dereva wakambeba baba. Nilikuwa na picha ya mwanamume mrefu mwenye fimbo. Waliyemshusha alikuwa mzee aliyesinyaa, mguu mmoja unaburuzika, mdomo umeanguka upande wa kushoto, shati limefungwa vifungo vibaya. Wakamkalisha kwenye kiti cha plastiki mbele ya baraza. Jicho lake la upande mzima lilizunguka uwanja, likapita juu yangu, likaenda, likarudi. Sijui kama lilinijua.

Mama akaweka kisu chini. Akasogea, akapiga magoti kama mke anavyomsalimu mume, magoti yote mawili kwenye mchanga.

"Mwadila, bhabha."

Baba akatoa sauti, si neno. Kupiga magoti! Nilitaka kumnyanyua mama kwa nguvu.

Nyuma yao alishuka binti, begi begani, amejitanda kitenge kilichofifia. Umri wake ungeweza kuwa wa mtoto wangu, kama ningejaliwa. Na alikuwa na paji langu la uso. Alimsalimu mama kwa magoti pia, akamwita mayu kwa lafudhi ya kwetu kabisa, akanisalimu mimi, kisha akasimama anaangaza macho kila upande wa uwanja. Alitazama nyuma ya nyumba, akatazama zizini, akatazama ile miiba. Akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza choo kilipo.

"Dada, ule mti uko wapi?"

"Mti gani?"

Niliuliza tu. Mgongo wangu ulikuwa umeshajua.

"Wa matunda. Baba alitusimulia tukiwa tunapalilia mpunga. Alisema huku kwao Meatu kuna mti, uko katikati ya uwanja, kivuli chake hakihami." Akatabasamu kidogo. "Sisi kule jua kali, hakuna pa kujificha. Tulikuwa tunamwomba atuletee mche. Akasema siku moja atatuleta wenyewe."

Nikamtazama baba. Kumbe tulipokuwa tunachambua pamba mti ulikuwa Katavi, na walipokuwa wanapalilia mpunga mti ulikuwa Meatu. Mti ulikuwa popote ambapo yeye hayupo. Aliwatia watoto wa miji miwili tamaa ileile, na kila upande ulidhani wenzao wa ng'ambo wanashiba.

Binti hakuona uso wangu. Aliendelea, na kila alichokitaja nilikifahamu: ukubwa wa kichwa cha ndama, asali upande huu na mgando upande ule, mbuzi wanaoona aibu, radi isiyoupiga. Radi ya kaka! Kaka alikuwa amesimama palepale na begi la mzee mkononi, na nilimwona akikumbuka. Nilijua kinachofuata, na nilimwomba Mungu kwamba baba awe amekisahau.

"Na tunda la kwanza halichumwi," binti akasema. "Linaanguka lenyewe kwenye mapaja ya binti mdogo, na halimuumizi. Baba alisema hilo ni langu."

"Alisema hivyo?"

"Ndiyo. Mimi ndiye mdogo."

Na kweli alikuwa mdogo. Nilikuwa nimekuja na maneno ya kumsemea mama, na sasa sikuwa hata na ya kujisemea. Sheria niliitunga mwenyewe nikiwa na pamba mapajani. Sikusema tunda ni la mtoto wa pili, wala la mtoto wa mama huyu, wala la yule aliyelibuni. Nilisema la binti mdogo. Mwanamume yule hakuacha kwetu hata ndama mwenye nguvu, na neno pekee nililokuwa nalo akaliswaga pamoja na ng'ombe.

Mama alikuwa amesikia yote. Aliinuka, akachukua fimbo yenye ndoano anayosogezea miiba, akaenda kwenye ngitili. Akaondoa tawi la kwanza, la pili, mpaka pakawa na mlango. Ndani ya duara hapakuwa na kitu, hata jani. Alikuwa anapafagia.

"Mleteni," akamwambia kaka.

"Wapi, mayu?"

"Akae chini ya mti wake."

Kaka alicheka kicheko cha mtu asiyejua kama anataniwa. Mama hakucheka. Kaka ni mtu wa kutii. Akamwita dereva, wakakinyanyua kiti na mzee ndani yake, wakakiweka katikati ya duara. Mama akawasahihisha kidogo, kiti kisogee huku, hapo, hapohapo. Jua lilikuwa utosini. Lingeka mwezi wa Oktoba jua haliangazi tu, linakaa juu ya mtu. Dereva akapokea chake, akaondoka haraka.

"Mayu, jua," kaka akasema.

"Jua gani? Yuko kivulini." Akakaa barazani, akachukua kisu na kiazi. "Kivuli cha mti huo hakihami. Alisema mwenyewe, na nyinyi mlikuwepo."

"Mayu, ni mgonjwa."

"Ndiyo maana nimempa mahali pazuri. Jua likipungua nitamwogesha, nitampa uji, atalala kwenye kitanda changu, na kesho nitamrudisha kwenye mti wake. Mimi sikumwahidi mtu kitu nisichoweza." Kisu kikapita kwenye kiazi. "Nafasi yake nimeitunza. Hata mbuzi hakuingia."

Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi mpaka mikono ikawa ya moto. Nilimtazama mzee yule akikunja jicho, jasho likimtoka kwenye nywele nyeupe, likipita kwenye mdomo ulioanguka ambao haukuweza kulifuta, na nikaona kwamba mama hakuwa amelainika hata kidogo. Miaka yote niliyomwonea aibu alikuwa hangoji mti. Alikuwa anamngoja mwenye mti.

Binti ndiye aliyeelewa wa mwisho. Alitazama duara, akatazama miiba, akanitazama mimi, na nikaona mti ukianguka machoni mwake, wote, na matunda yake. Amekuja safari yote ile kwa sababu ya mti. Alikuwa hana mama, hana ng'ombe, hana pa kurudi, na kivuli alichoambiwa kinamngoja kilikuwa vumbi lililofagiliwa. Ningempa pole. Sikumpa. Nilikuwa nimekaa na msiba huohuo tangu nikiwa mdogo kuliko yeye na hakuna aliyenipa.

Binti alifungua kitenge alichojitanda mabegani, akaingia ndani ya duara, akasimama upande wa jua, akakinyanyua kwa mikono miwili juu ya kichwa cha baba. Kivuli kidogo cha mraba kikaanguka usoni kwa mzee. Mikono ilipochoka akaishusha, akapumzika, akainyanyua tena. Jua liliposogea, naye akasogea. Mama alimwangalia na hakumkataza.

Hapo nikaingia na mimi. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka anitambue, basi. Nilipiga magoti mbele ya kiti, binti akiwa nyuma yangu, mchanga ukaniunguza, nikatandaza kitenge changu mapajani kama wakati ule wa pamba. Jicho lake zima likanishukia. Safari hii nina hakika lilinijua, maana lilijaa maji.

"Baba," nikasema, "tunda la kwanza ni la nani?"

Kisu cha mama kikasimama.

Alinielewa. Upande wa mdomo uliobaki ulijaribu kusema, ukashindwa. Mkono wake wa kulia, ule mzima, ukatoka kwenye goti. Ukapanda polepole. Nilishika ncha za kitenge pande zote mbili. Mkono ukafika usawa wa uso wangu, ukapita, ukaendelea kupanda, na kidole kikanyooka juu ya bega langu, kwa yule aliyesimama nyuma yangu na kitenge kilichofifia, mikono juu, jasho linamtiririka, akimpa kivuli.

Nikasimama, nikakung'uta mchanga kwenye kitenge, nikaenda jikoni kuwasha moto wa uji.